Aliyeingia Saa Tatu

Sisi wengine wote tuliingia saa moja. Yeye aliingia saa tatu.

Ningeweza kuanza na sauti yake, ambayo ilisikika kutoka mlangoni hadi chumba cha baridi cha nyuma kabisa, au na mwendo wake wa mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba lake mwenyewe. Lakini kitu cha kwanza nilichokijua kwake ni hicho cha saa tatu. Katika shamba lile la maua kando ya ziwa, Naivasha, ukichelewa kidogo tu uligeuzwa getini ukarudi mtaani Karagita na siku yako imeenda bure. Na bado kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja jua limeshapanda, amevaa sweta ya kijani na kofia ya kufuma, na askari akamfungulia huku akimwuliza habari za kuku wake. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile. Hata dada yangu, mwenye nyumba yake na mume anayerudi mapema, sikumwonea hivyo.

Tulimwita Supavaiza. Alisimamia meza za pakihausi, ule ukumbi mkubwa ambako maua ya waridi huletwa yakiwa mabichi, tukayatoa majani ya chini, tukayapima urefu wa shina, tukayafunga mafungu na kuyatia kwenye ndoo za maji. Alikuwa mnene, mfupi, na mkali kwa watu wanaobana ua kwa vidole. "Hiyo si mandazi," alikuwa akisema akikupita. Ukijibu, anarudi. Usipojibu, anarudi pia, kuuliza kama umemsikia.

Kilichoniuma hasa ni kwamba mimi na yeye tulikuwa na ugonjwa mmoja. Kama yeye angekuwa mzima, saa tatu yake ningeichukulia kama upendeleo wa kawaida wa kazini, wa mtu kujuana na mtu. Lakini nilimjua kabla ya shamba. Nilimwona kwanza Nakuru, kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili, siku za Alhamisi, wakati nilipokuwa nikiishi na dada yangu mtaa wa Section 58. Foleni ile ina adabu zake. Wanawake hujifunga leso mpaka kwenye nyusi, wanaume hujifanya wamemsindikiza mtu, na mkikutana sokoni kesho yake hamjuani. Yeye alikuja kichwa wazi, akapita mbele yetu wote hadi dirishani kwa muuguzi.

"Sista, nitangulize. Mimi niko na kazi, natoka mbali."

Na foleni ikampisha. Sisi ambao hatukuwa na kazi tulikuwa na sababu gani ya kuharakishwa? Nilimtazama akiondoka na mfuko wake wa dawa mkononi, hajauficha popote, na roho ikaniuma mpaka nikasahau nilichokuwa nimepanga kumwambia daktari.

Hadithi ya jinsi alivyoipata ile saa tatu niliisikia baadaye Karagita, na kila mtu aliisimulia kivyake, ila kiini kilikuwa kile kile. Zamani alikuwa mchumaji wa kawaida. Akaugua, akalazwa Nakuru, akarudi baada ya miezi na kukuta nafasi yake ina mtu. Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja akakataa kuondoka mpaka aonwe. Alipoingia hakutaja malaria wala taifodi, ambayo ndiyo magonjwa tunayoyataja sisi.

"Bosi," alisema, "mimi niko na ugonjwa ya akili. Si bangi, si kurogwa. Dawa nakunywa usiku, na asubuhi kichwa inakuwa nzito mpaka saa tatu. Ukinilazimisha saa moja, nitakuharibia maua, ama niwache dawa nikuharibie hata wewe. Nipee saa tatu, na jioni nitatoka wengine wakishaenda."

Meneja akampa mwezi mmoja wa kujaribiwa. Mwezi huo, alipenda kusema, bado unaendelea.

Niliposikia hayo nilikwenda nikajifungia chooni. Si kwa kuguswa. Nilikuwa najiuliza kwa nini mimi sikuwahi kufikiria kwamba kitu kama hicho kinaombwa. Nakuru nilikuwa karani kwenye duka la vipuri vya magari, na asubuhi zangu zilikuwa nzito vile vile kama zake. Nilichelewa nikasema bomba limepasuka. Nikachelewa nikasema mtoto wa dada ameungua. Mwishowe nikafukuzwa kama mvivu, na njia nzima hadi Section 58 nilijiambia afadhali mvivu kuliko kichaa. Yeye alisema maneno manne matano akapewa saa mbili za usingizi kila siku ya Mungu.

Hakuficha chochote, na hilo nalo lilinikera. Wakati wa chai alitoa kidonge chake cha mchana mbele ya meza nzima, akakimeza, kisha akapanua mdomo kwa yeyote aliyekuwa karibu. Vijana wa kubeba ndoo walimtania. "Supavaiza, leo umemeza?" Naye alijibu, "Nimemeza. Na wewe yako ya kufunga mdomo umemeza lini?" Watu wakacheka, na katika kucheka huko hapakuwa na kisu. Mimi nilimeza vyangu chumbani, nimezima redio ili jirani asisikie karatasi ya dawa ikipasuka.

Halafu kulikuwa na ile desturi ya ploti yake. Ugonjwa ulipompanda, hakupiga mtu wala kuvua nguo kama watu wanavyodhani tunafanya. Aligawa vitu. Sufuria, mtungi wa gesi, blanketi, hata kuku, alivipeleka mlango kwa mlango akisema Mungu amemwambia apunguze mizigo. Majirani zake wa vile vyumba vya kupanga walikuwa wameshazoea. Walipokea wakashukuru, wakaweka kando bila kutumia, na mmoja wao akaenda shambani kuwaambia wenzake wa kazi. Wenzake wa meza walikuwa wamekubaliana naye tangu zamani kwamba siku hiyo wakimwambia aende kliniki hatabisha. Alibisha, lakini alikwenda. Alipopona na kurudi, vitu vilirudi mlango kwa mlango vile vile, kuku wakiwa wamenona zaidi. Ni mwanamke mmoja tu aliyebaki na birika, na Supavaiza hakumdai. Kila alipokutana naye kwenye bomba la maji alimwuliza kwa upole kama chai yake inaiva vizuri, mpaka yule mama akahama.

Mimi pia niliwahi kugawa vitu, Section 58. Viatu, simu, koti la ngozi la marehemu baba. Vyote vilikwenda na hakuna hata soksi iliyorudi. Koti nililiona baadaye mjini, limevaliwa na mtu ambaye hata salamu hakunipa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wivu wangu ulikuwa wa kitoto, namwuliza kama yeye amewahi kurudishiwa kuku.

Usidhani, hata hivyo, kwamba alikuwa mama wa wagonjwa. Hilo ndilo jambo ambalo wanaomsifu hulisahau. Kliniki alikaa peke yake, mkoba juu ya magoti, na mgonjwa akianza kuongea peke yake karibu naye alihama. "Hawa watu wananiharibia jina," nilimsikia akimwambia sista. Kanisani aliimba kuliko wote, lakini mhubiri alipowaambia watu watupe dawa na kushika maombi, yeye alimwinukia katikati ya ibada, akamwambia akalazwe yeye kwanza halafu arudi kuhubiri. Kisha akaketi akaendelea na wimbo. Alikuwa na huruma ya kuchagua, na mimi sikuwa miongoni mwa waliochaguliwa.

Aliniandika kazi yeye mwenyewe, kibarua cha msimu, ile miezi ya kabla ya Valentino, siku ya wapendanao, ambapo mashamba huchukua kila mwenye mikono. Tulijipanga getini naye akapita akikagua vidole. Alishika mkono wangu akaugeuza. Ulikuwa ukitetemeka kidogo, kama dawa zinavyoufanya. Akaniangalia usoni, nikajua amenikumbuka, naye akajua kwamba nimejua. "Huyu aingie," alisema, na kwa wiki nyingi baada ya hapo alinipita mezani kana kwamba mimi ni ndoo.

Kila msimu ulipoisha, shamba lilibakisha wachache kwa kazi ya kudumu. Mimi nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mikono yangu ilikuwa myepesi, hilo alilijua kila mtu, ila kufika saa moja kulikuwa kunanimaliza. Nilikuwa nimeshageuzwa getini mara mbili, na ya tatu ilikuwa ya kufukuzwa. Ndipo Jumapili moja mchana nikamfuata kwake. Alikuwa anafua ile sweta yake kwenye karai nje ya mlango.

"Habari ya mchana, Supavaiza."

"Mzuri. Kaa hapo. Umekula?"

Nilisema nimekula, ingawa sikuwa nimekula, kisha nikamweleza. Nilimwomba anisemee kwa meneja, na mimi nipewe saa tatu.

Alikamua sweta mpaka ikaacha kudondosha maji. "Hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Mmoja wanaweza vumilia. Tukiwa wawili watasema shamba imekuwa hospitali, watutoe sisi wote. Hii kitu nimeipigania miaka mingi, msichana. Siwezi kuihatarisha kwa sababu yako."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Amka," alisema. Akaanika sweta.

Nikaamka. Yeyote anayemeza dawa hizi anajua kuna njia moja tu ya kuamka mapema na kichwa chepesi, nayo ni kutozimeza. Nilianza kuziacha siku za kazi, nikazinywa Ijumaa na Jumamosi nikijidanganya kwamba zinatosha. Kwa muda nilikuwa hodari kuliko meza yote. Nilifika getini kabla ya askari kufungua. Meneja alinisifu mbele ya watu, na Supavaiza aliyasikia hayo, nami nikamtazama ili nihakikishe ameyasikia. Kisha asubuhi moja nikafungua mafungu yote ya meza yetu na ya jirani, nikaanza kuyapanga upya kwa rangi, huku nikimweleza meneja jinsi ninavyokusudia kuliendesha shamba lake.

Ni Supavaiza aliyenifungua aproni. Alinishika kiuno akanipeleka chumbani kwake kwa bodaboda, nikiwa nimebanwa katikati yake na dereva, akanilaza kitandani kwake, akaninywesha uji kwa kijiko mpaka dada yangu alipofika kutoka Nakuru. Na meneja alipouliza, yule mwanamke ambaye hakuwahi kusema uongo juu ya ugonjwa wake alisema uongo juu ya wangu. "Huyo ako na malaria," alimwambia. "Imepanda kichwa." Mpaka leo sijaamua kama alikuwa ananisitiri mimi au alikuwa analinda saa tatu yake. Nilipopata nafuu msimu ulikuwa umeisha, na sikuitwa tena.

Miaka ilipita kabla ya kumwona tena. Nikapata kazi Nakuru kwenye karakana ya kushona sare za shule, vyumba viwili na vyerehani, ya mwanamke mmoja mwenye maneno machache tuliyemwita Madam. Niliingia saa moja kila siku. Ufunguo wa pili nilikuwa nao mimi, maana nilikuwa wa kwanza kufika, na Madam aliwaambia wengine wanitazame mimi wajifunze. Hakuna aliyejua chochote. Nilikuwa nimejifunza kuacha dawa kwa hesabu nzuri zaidi, au hivyo ndivyo nilivyojiambia, ingawa kulikuwa na siku ambazo kuta zilikuwa karibu mno na nilishona nikiwa nimeuma shavu kwa ndani.

Alhamisi moja ya kliniki nikasikia ile sauti tena. Ila safari hii haikuomba kutangulizwa. Alikuwa kwenye foleni, amepungua, kofia ile ile. Nikaketi karibu naye kwa sababu nafasi ilikuwa hapo tu. Shamba lilikuwa limeuzwa, akaniambia. Wamiliki wapya walisema kila mtu saa moja, hakuna mambo ya huyu na yule. Alijaribu. Alilala mezani mara moja mbele ya wageni, na siku ya pili akapewa barua yake.

Nitasema nilivyohisi, kwa kuwa nimeanza kusema. Nilifurahi. Furaha ile ilidumu kama urefu wa foleni, kisha ikabaki kitu kizito ambacho hakikuwa na jina.

"Huko kwenu wanachukua watu?" aliniuliza. "Vifungo najua kushona. Na pindo."

Nilimpeleka siku iyo hiyo. Wala si kwa wema. Nilitaka anione nikiwa na ufunguo wangu wa mlango. Nilitaka mtu aliyeniambia niamke aone kwamba niliamka.

Madam alimtazama juu hadi chini, akampa shati ashone kifungo. Kilishonwa vizuri. "Mnajuana aje?" akaniuliza mimi.

"Kanisani," nilisema.

Supavaiza alinigeukia, akanitazama kidogo, akaurudisha uso kwa Madam. "Madam, mimi nasema yangu mapema ndiyo usikuje kuniuliza kesho," alisema. "Niko na ugonjwa ya akili, na natumia dawa. Usiku inanilaza sana. Nikiingia saa tatu nitakufanyia kazi mpaka jioni na hutanisikia nikilalamika. Nikiingia saa moja utanifukuza."

Nilingoja Madam ainuke amfungulie mlango wa kutokea. Madam alikuwa anakiangalia kile kifungo, anakivuta kuona kama kitalegea.

"Saa tatu si mbaya," alisema. "Mashati huwa tayari kutiwa vifungo saa hizo. Uje Jumatatu."

Hivyo tu. Kwa muda wa kuvuta kifungo. Nilikuwa nimekaa mle ndani miaka mitatu nikiuma shavu, na huyu aliyeingia kwa mlango niliomfungulia mimi alikuwa ameipata tena, ile ile saa tatu, hata kiti hajakipasha joto. Ningependa kusema ni ujasiri ulionifungua mdomo. Ulikuwa wivu.

"Na mimi," nilisema.

"Na wewe nini?"

"Na mimi nataka saa tatu."

Madam akacheka. "Wewe? Wewe si ndiye unafika kabla ya kila mtu? Saa tatu utafanyia nini?"

"Nafika kwa sababu dawa siimezi," nilisema. "Ni ugonjwa ule ule. Hatukujuana kanisani. Naziacha siku za kazi ndiyo niweze kuamka."

Cherehani moja ilikuwa inakimbia chumba cha pili, ikanyamaza. Madam aliweka shati chini. "Tangu lini?"

"Tangu uniandike."

"Na mimi nikawaambia watu wakutazame," alisema, polepole, na sikujua kama ananionea huruma au anaona nimemfanya mjinga. "Jumatatu mje saa tatu wote wawili. Na usiku huu umeze, unanisikia? Ufunguo uniachie hapo mezani."

Nikauweka mezani. Sikutarajia kitu kidogo vile kiniume vile.

Tulitoka na Supavaiza mpaka kwenye kona. Hapo akasimama. "Nilikuambia uamke," alisema. "Sikukuambia uwache dawa."

"Na njia nyingine gani uliniachia?"

Alivuta kofia yake ikafunika masikio, tukatembea.

Usiku huo nilimeza vyote, na uliofuata, na uliofuata. Jumatatu niliamka jua liko dirishani, kichwa kizito, nikatembea polepole hadi kazini kama mtu mwingine yeyote mwenye ruhusa. Nilifika saa tatu imepita kidogo. Supavaiza alikuwa ameshafika, ameketi mahali pangu kwenye mwanga, amejaza vifungo mapajani na anamweleza msichana wa cherehani kwamba hiyo si namna ya kushika kitambaa.

Nilimwambia ahame. Akahama.